Gari Lililorudi Bila Mwenyewe

Gari la mkwe wangu lilioshwa sawasawa mara moja tu tangu alinunue, na msimamizi wa kazi hiyo nilikuwa mimi. Mtaa wetu wa Makorora ulinishukuru. Shekhe mmoja wa msikiti wa jirani alinipigia simu kunipa hongera. Mtu mmoja tu hakunishukuru, naye ndiye pekee aliyelihitaji gari lile likiwa chafu.

Nianze na mwenyewe. Alikuwa mume wa binti yangu wa mwisho, mwanamume mrefu kiasi cha kuinama kwenye kila mlango wa nyumba yangu, mwenye pikapu kuukuu aliyobebea ng'onda na nazi kutoka Tongoni na vijiji vya njia ya Pangani kuleta sokoni mjini. Gari lilinuka samaki hata likiwa tupu. Nilizoea kumwambia kwamba unadhifu ni katika imani, naye akijibu kwa adabu, "Kweli, Maalim," kisha akiondoka nalo vilevile. Alikuwa mwanafunzi wangu katika chuo cha Kurani kabla hajawa mkwe wangu, kwa hiyo alijua kunikubalia bila kunitii.

Alhamisi moja, baada ya sala ya alfajiri, aliondoka kwenda Tongoni akamwambia mkewe atarudi kabla ya alasiri. Alasiri ikapita, magharibi ikapita, simu yake ikawa haipatikani. Jumamosi akina mama wanaolima mwani walilikuta gari kwenye njia ya kushukia mikokoni, mbele kidogo ya magofu ya kale ya Tongoni. Milango imefungwa, ufunguo uko mahali pake, chupa ya chai imejaa. Yeye hayupo. Hapakuwa na damu wala kioo kilichovunjika wala kipande cha karatasi. Watu wa kijiji waliipekua mikoko ile kwa siku nne, Mungu awalipe, wakatoka na matope mpaka kiunoni na viatu vya watu wengine.

Polisi walikuja na kamba, wakalivuta gari hadi kituoni, wakaandika maelezo yetu. Baada ya wiki mbili wakaniita. Ofisa mmoja, mtu mpole, alinieleza kwamba watu wazima huondoka, kwamba wengine hurudi, na kwamba ua wa kituo umejaa pikipiki. Akanipa karatasi nikatia saini. Mkwe wangu alikuwa hajapatikana lakini gari lake limepatikana, na ofisa yule alinipa mkono kama mtu aliyekwisha kufanya nusu ya kazi. Jirani yangu seremala ndiye aliyeliendesha hadi nyumbani, kwa kuwa mimi sijui kuendesha chochote ila darasa.

Binti yangu alikuwa amekwisha kurudi kwangu pamoja na mtoto wake. Siku ile hakutoka kuliangalia gari. Alisubiri nimalize sala ya adhuhuri, akakaa pembeni ya mswala wangu, akauliza jambo ambalo bila shaka alikuwa amelala nalo na kuamka nalo siku zote zile.

"Baba, mimi ni mke au mjane?"

Nimesomesha fikihi kwa miaka mingi. Mlango wa mafkudi, yaani mtu aliyepotea asijulikane yu hai au amekufa, wanafunzi huupenda kwa sababu ni mfupi. Basi nikamjibu kama ninavyojibu darasani. Nikamwambia wanazuoni wa madhehebu yetu wengi wanasema mke wa mafkudi hubaki mke mpaka ipatikane yakini ya kifo, wapo wanaoweka miaka minne ndipo eda ianze, na kadhi akiletewa dalili zenye nguvu anaweza kuhukumu kabla ya hapo. Nilieleza vizuri. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama Ijumaa apake hina au asipake, maana mke hupaka na mjane aliye edani hapaki.

Nikaenda kufungua vitabu vyangu kutafuta mlango wa hina.

Sasa, kwetu sisi kitu kinachorudi kutoka safarini bila mwenyewe hakikai nyumbani kabla hakijaoshwa na kufukizwa. Bibi yangu alilifanyia hivyo sanduku la babu, lililorudi na meli bila ya babu. Mimi ninayewaambia watoto chuoni kwamba hofu ya mikosi si katika dini ningeweza kukataza. Sikukataza. Nilijua jambo lile halina hadithi, ila lina majirani, na majirani walikuwa wamechoka kukaa barazani kwangu wakisema subira, subira. Walitaka kushika kitu.

Walikuja baada ya alasiri na ndoo zao. Mwenye duka la pembeni, ambaye wazee wake walitoka Bara Hindi na hajakosa safu ya mbele msikitini tangu nimjue, alileta katoni ya sabuni na chupa ya marashi, akasema ng'onda na malaika hawakai chumba kimoja. Jirani yetu wa nyumba ya pili, mama wa Kidigo mwenye ulimi, alileta kapu la ndimu na makumbi ya nazi ya kusugulia. Mazulia ya gari yalitolewa yakasuguliwa kwa mchanga. Seremala alisugua usukani mpaka ukaanza kutoka rangi. Mzee mmoja, rika langu, aliingia chini ya gari kwa mgongo, akatoka mweusi kama sufuria na mwenye furaha ambayo sijaiona usoni mwake tangu arudi Hija. Mimi niliandika kombe, aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, nikaosha kwa maji ya waridi, nikanyunyiza kila mahali mkono ulipofika. Tulisoma Yasini. Hata chupa ya chai iliyokutwa garini ilioshwa ikaanikwa.

Udi ulipowashwa na moshi kuanza kutoka madirishani, nilisimama nikalitazama gari likimetameta, nikamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kunipa majirani wema. Bado ninamshukuru. Ila ziko shukrani ambazo ni vigumu kuzieleza mbele ya polisi.

Siku ya tisa baada ya gari kuoshwa alikuja mpelelezi mpya. Alikuwa mwanamke wa kutoka bara, umri wa binti zangu wakubwa, amekuja kwa bajaji kutoka Raskazone alikofikia, na mkononi ana sanduku kama la wale wanaopamba maharusi. Alinipa shikamoo, akavua viatu, akanywa maji aliyopewa. Kisha akasema jalada la mkwe wangu limehamishiwa kwake, kwamba gari halikupaswa kutolewa kabla ya kukaguliwa, na kwamba anaomba radhi. Alitaka kuliona kama lilivyo. Nilimpeleka uani kwa fahari kidogo, Mungu anisamehe.

Alilizunguka mara moja. Akainamisha pua dirishani.

"Mzee, hili gari limeoshwa?"

"Limeoshwa, mwanangu. Tena limefukizwa."

"Ndani?"

"Ndani, nje na chini."

"Chini?"

"Kuna mzee aliingia."

Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mojawapo ya zile zile zilizotenda. Hakunifokea. Nadhani ningependelea anifokee. Aliponyanyuka alisema basi tuanze na kilichobaki, akafungua sanduku, akatoa brashi laini na poda, akaanza kuipaka milango taratibu kama anayepaka mtoto mchanga. Alama za vidole zilitokea, nyingi, za kila ukubwa, moja juu ya nyingine. Akaniambia atahitaji vidole vya wote waliogusa gari, ili awaondoe kwenye hesabu.

Nikatuma waitwe. Lazima nieleze kwamba kwa siku nane pale barazani palikuwa na mabishano ya nani alisugua zaidi. Mwenye duka alikuwa akidai paa lote ni lake. Sasa alifika akasema yeye alileta sabuni tu. Mzee aliyeingia chini ya gari alisema alikuwa akitafuta kofia yake. Mama wa Kidigo alisimama mbali, mikono ndani ya kanga.

"Mie nilishika ndimu," alisema. "Mkitaka vidole vyangu, katafuteni kwenye ndimu."

Mpelelezi alimuuliza nani basi aliyesugua ndani, kwenye viti. Wakatazamana. Ndani hakuingia mtu. Kwa ushahidi wa majirani zangu, watu ambao ningewakubali kuwa mashahidi wa ndoa saa yoyote, gari lile lilijiosha lenyewe.

Aliwaacha wakae barazani, akaingia kwenye kiti cha dereva. Yeye si mrefu, na miguu yake ilifika kwenye pedali bila taabu. Alikaa hivyo kidogo, kisha akatoka, akaomba picha ya mkwe wangu. Nikampa ya harusi, ile ambayo bwana harusi amepinda shingo ili kilemba kisigonge fremu ya mlango. Akaitazama picha, akakitazama kiti.

"Alikuwa anaendeshaje hapa?"

Binti yangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni tangu mwanzo. Hapo ndipo alipolisogelea gari kwa mara ya kwanza. Alieleza kwamba kishikio cha kiti kilivunjika zamani, kiti kikawa kinateleza kila gari likifunga breki, kwa hiyo mumewe alikisukuma nyuma mpaka mwisho akakifunga kwa waya chini, kwenye reli. Waya ule haukufunguliwa tena. Hata yeye alipotaka kujifunza kuendesha, mumewe alikataa kuufungua, akamwambia asubiri arefuke.

Mpelelezi alipiga magoti na tochi. Waya haukuwapo, na kiti kilikuwa mbele kabisa. Aliinuka na uso mwingine. Alisema polepole, akipima kila neno, kwamba mtu mfupi kuliko mkwe wangu amekaa pale baada yake, na mtu huyo alikuwa na nafasi ya kuinama na kufungua waya. Akasema kitu kama hicho kina uzito. Mahakama inakisikiliza.

Binti yangu alikaa kwenye kizingiti cha jikoni. Nilimwona usoni. Alikuwa kama mtu aliyekaa sana gizani akasikia kitasa kikizungushwa, hata kama nyuma ya mlango kuna jeneza.

Mpelelezi alichukua karatasi akachora mstari wa wima, akaandika juu kabisa jina la mkwe wangu, chini yake alama ya kuuliza, chini yake polisi aliyeshika usukani gari lilipovutwa, kisha seremala, kisha mimi. Akanieleza kwamba katika kazi yao kielelezo hakitoshi kuwa cha kweli. Lazima ijulikane kimepita mikononi mwa nani na nani, kila mmoja aseme alikipokea vipi na akakitoa vipi, na pete moja ikikatika mnyororo wote haufai.

Nikacheka. Akaniuliza kwa heshima kama kuna kosa. Nikamwambia hapana, ila ninayoyasikia ndiyo niliyoyasomesha maisha yangu yote. Hadithi nayo haipokewi mpaka ijulikane nani kasimulia kutoka kwa nani, na kila mpokezi hupimwa uaminifu wake na kumbukumbu yake. Sisi huiita isnadi. Alifurahi, nami nikafurahi zaidi kuliko ilivyostahili siku hiyo. Akasema basi nimsaidie kuwapima wapokezi, na nikavuta kiti changu karibu.

Tulianza na polisi. Alimpigia simu akaiweka kwenye spika. Sauti nzito ilisema alikaa kama alivyokuta, tumbo lilienea vizuri, hakugusa chochote. Tukamwita seremala, ambaye ni mfupi hata kwa kipimo cha mtaa wetu. Alikula kiapo kabla hajaombwa, akasema naye hakugusa kiti wala hakukitazama.

"Nilikaa ukingoni, Maalim. Gari la mtu aliyepotea, utaliegemea vipi?"

Mpelelezi aliandika. Polisi hakukisogeza, seremala hakukisogeza, na waoshaji wote hawakuingia ndani. Basi ilibaki alama ya kuuliza. Aliizungushia duara. Alianza kunieleza hatua zitakazofuata, taarifa ya kitaalamu, na kwamba familia ikitaka inaweza kuipeleka kwa kadhi au mahakamani. Binti yangu alikuwa amekwisha kusimama. Kisha, kwa kukamilisha tu, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba tupu, mpelelezi aliniuliza, "Na wewe mzee, hukukigusa kiti?"

Jibu, ambalo furaha ya isnadi ilikuwa imenisahaulisha, lilikuwapo kabla hajamaliza. Siku ya kuosha zulia la chini ya kiti liligoma kutoka, na kulikuwa na magamba ya samaki. Niliomba plaizi. Niliinama mimi mwenyewe, nikisoma Yasini, nikaufungua waya uliokaza na kutu, na tulipokwisha kusugua nikasema kiti kiachwe mbele ili nyuma yake pakauke. Watu wawili walinisaidia kukinyanyua: mwenye duka na mzee wa kofia. Wote wawili walikuwa barazani na walikuwa wamekwisha kusema kwamba ndani hawakuingia. Kwa hiyo waliobaki kulijua jambo hilo walikuwa Mungu na mimi.

Niseme ukweli wa moyo wangu, maana umri huu si wa kuficha. Nililiona neno lililohitajika. Halikuwa hata uongo mkubwa. Lilikuwa "sikumbuki", neno ambalo kila mtu mwema wa mtaa wetu alikuwa ameishi nalo tangu asubuhi. Kwa neno hilo binti yangu angepata dalili yake, kadhi angehukumu, eda ingehesabiwa ikaisha, na mtoto wangu huyu wa miaka ishirini na sita asingekaa jikoni kwangu akiwa si huku wala kule. Nikakumbuka wale wasimulizi wa zamani ninaowasomesha kila mwaka, wazee wafungaji, wasimamaji usiku, watu walioombwa dua na miji mizima, na riwaya zao hazipokewi kwa sababu walilipenda jambo kupita kiasi wakalisaidia kidogo. Siku zote nilipowafikia niliwahurumia na kupita haraka.

"Mwanangu," nikamwambia mpelelezi, "mpokezi dhaifu ni mimi. Waya niliufungua kwa mkono wangu."

Aliweka kalamu chini. Nikaenda ndani nikaleta ile plaizi na kopo nililowekea vitu vidogo vya garini, kwa kuwa mimi situpi kitu, na waya ulikuwa humo, umejikunja. Aliutazama, akamuuliza binti yangu kama ndio huo. Akaitikia kwa kichwa.

Hapo baraza likafunguka. Mwenye duka alisimama akasema ikiwa Maalim amesema basi naye alishika upande wa kulia. Mzee wa kofia akasema kushoto. Seremala alipiga paji la uso, akasema sasa anakumbuka, alikaa ukingoni kwa sababu miguu haikufika, na hofu ilikuja baadaye. Mama wa Kidigo alitoa mikono kwenye kanga akaenda kusimama wa kwanza kwenye foleni ya wino wa vidole, akiwaambia wengine wasiwe wanasukuma. Kwa mara ya kwanza isnadi yetu ilikuwa sahihi tangu juu hadi chini, nayo haikuthibitisha kitu chochote. Kiti kilikuwa nyuma tangu siku ya mwanzo. Aliyelifikisha gari mikokoni ni mkwe wangu mwenyewe, au mrefu kama yeye. Mengine yote, mpelelezi alisema bila ukali, tuliyamwaga pamoja na maji ya ndoo.

Sikuthubutu kumtazama binti yangu. Nilidhani atakwenda ndani. Badala yake nilimsikia akiuliza kama kiti bado kinahitajika, na mpelelezi akamjibu hapana, kwa serikali kiti hakina kazi tena. Akauchukua waya kwenye kopo na plaizi mkononi mwangu. Alikisukuma kiti nyuma mpaka kikagota. Akapiga magoti pale kwenye mazulia yanayonukia waridi, akakifunga, mizunguko mingi kuliko aliyoifunga mumewe, akakitikisa kuona kama kimekaza.

Huu ni mwaka wa pili. Mpelelezi hupiga simu mara kwa mara, na mwisho wa kila simu hunitaka niseme gari liko vilevile. Liko vilevile. Vumbi limelifunika, na kuku wa mama wa Kidigo wamehamia chini yake. Ijumaa iliyopita seremala alikuja na ndoo na kitambaa, akasema ni aibu kwa mtu kama mimi kuwa na kitu kichafu hivyo uani, angalau vioo. Kabla sijamjibu, binti yangu alisogeza pazia la dirisha, na mkono alioutoa ulikuwa na hina mbichi, bado ametanua vidole isiharibike.

"Liacheni," alisema. "Mwenyewe akija ataliosha."

Nikakumbuka kwamba mwenyewe hajawahi kuliosha hata siku moja. Nikamfungulia seremala mlango wa ua, naye akaondoka na ndoo yake.